Kuchakata jenomu za vimelea vya malaria kwenye wingu: uchambuzi wa kisa kimoja

Usuli

Kisa hiki kinahusu kundi la utafiti wa malaria katika taasisi moja ya Afrika Mashariki. Jina la taasisi, nchi yake, mtoa huduma wa wingu (yaani kompyuta na hifadhi za kukodi kupitia intaneti) na majina ya wahusika yameondolewa, na takwimu ambazo zingeweza kuwatambulisha zimetajwa kwa ujumla tu. Mfuatano wa matukio na sababu za kila uamuzi zimeelezwa kama zilivyoandikwa katika rekodi za kazi.

Haja yenyewe ilikuwa ya kisayansi kabla haijawa ya kompyuta. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba badiliko liitwalo R561H katika jeni ya kelch13, ambalo huambatana na usugu dhidi ya artemisinin, dawa kuu ya malaria, limeota mizizi nchini Rwanda. Mwaka uliofuata ukatolewa ushahidi wa usugu kutoka kaskazini mwa Uganda, na baadaye R561H ikaripotiwa pia mkoani Kagera, Tanzania. Kwa mpango wa taifa wa kudhibiti malaria, kujua kwamba badiliko lipo ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni kujua kama vimelea hivyo vimeingia kutoka kwa jirani au badiliko limezuka papo hapo, na swali hilo halijibiwi kwa kutazama jeni moja. Hujibiwa kwa kulinganisha jenomu nzima, yaani DNA yote, za vimelea kutoka maeneo mengi, zilizochakatwa kwa njia ile ile kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu orodha mbili za mabadiliko zilizotengenezwa kwa programu tofauti huonyesha tofauti ambazo hazimo katika vimelea bali katika programu.

Kundi lilikuwa na sampuli zake lenyewe na lilitaka kuziunganisha na sampuli elfu kadhaa za Afrika zilizo wazi kwa umma. Data hizo zipo kwa wingi: mkusanyo wa Pf7 wa MalariaGEN, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa malaria, uliochapishwa 2023, una sampuli zaidi ya 20,000 kutoka nchi 33. Jenomu ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria kinachohusika hapa, ni ndogo, takriban besi (herufi za DNA) milioni 23 katika kromosomu 14, ilhali ya binadamu ina besi bilioni 3. Kwa hiyo sampuli moja haisumbui seva ya kawaida. Maelfu ya sampuli ni jambo jingine. Taasisi ilikuwa na seva moja iliyotumiwa na idara zote, umeme ulikatika mara kwa mara, na makadirio yalionyesha kwamba kazi ingechukua miezi mingi wakati kikao cha mpango wa taifa kilichosubiri matokeo kilikuwa karibu.

Njia tatu zilijadiliwa. Ya kwanza ilikuwa kununua seva ya pili, lakini utaratibu wa ununuzi ungemaliza muda wote uliobaki. Ya pili ilikuwa kuomba nafasi katika kituo cha kompyuta kubwa, mfano CHPC, kituo cha taifa cha Afrika Kusini kilichoko Cape Town, yenye mashine ya Lengau iliyozinduliwa 2016. Njia hii ni bora kwa kazi ambazo vichakataji vyake lazima vizungumze muda wote, kama mifumo ya hali ya hewa, kwa kuwa mashine za aina hiyo huunganishwa kwa nyaya zenye kasi kubwa mno. Uchakataji wa jenomu hauko hivyo: kila sampuli hujitegemea hadi hatua ya mwisho, na mashine mia moja za kawaida zisizojuana huifanya kazi sawasawa. Hoja hiyo, pamoja na ruzuku ndogo iliyokuwa imetengwa kwa matumizi ya wingu, ndiyo iliyoamua njia ya tatu.

Maamuzi kabla ya kuanza

Uamuzi wa kwanza ulihusu wagonjwa. Sampuli ya malaria ni damu ya mtu, na mfuatano wa DNA unaosomwa humo huwa na DNA ya mgonjwa pamoja na ya kimelea. Kibali cha kamati ya maadili kiliruhusu data za vimelea pekee kutoka nje ya nchi. Zaidi ya hayo, nchi za ukanda huu zimekuwa zikitunga sheria za kulinda taarifa binafsi, Kenya mwaka 2019 na Tanzania 2022, na kupeleka DNA ya mgonjwa kwenye seva iliyo ng'ambo bila ridhaa yake ni jambo lisilotetewa mbele ya sheria hizo wala mbele ya mgonjwa mwenyewe. Baadhi ya wanakundi walipendekeza usafishaji ufanywe huko huko kwenye wingu, kwa kuwa ungeenda kasi zaidi. Pendekezo lilikataliwa. Kila sampuli ililinganishwa na jenomu ya binadamu kwenye seva ya taasisi, vipande vilivyolingana vikaondolewa, na kilichobaki tu ndicho kilichopakiwa. Ratiba ilirudi nyuma kwa sababu ya uamuzi huo, na naamini ulikuwa uamuzi sahihi kuliko yote katika kisa hiki.

Uamuzi wa pili ulikuwa mahali pa kufanyia kazi. Mtoa huduma alikuwa na vituo katika mabara kadhaa, na wazo la kwanza lilikuwa kutumia kilicho karibu na taasisi. Hesabu ya uzito wa data ilionyesha vingine. Data za umma zilikuwa nyingi mara kadhaa kuliko za kundi, na zilipatikana kutoka hifadhi ya nyukleotidi ya Ulaya, ghala la umma la mifuatano ya DNA, iliyoko Hinxton, Uingereza. Data za kundi, baada ya kuondolewa DNA ya binadamu, zilikuwa nyepesi. Kikachaguliwa kituo cha Ulaya, data za umma zikavutwa moja kwa moja kutoka hifadhi hadi kwenye wingu bila kugusa mtandao wa taasisi, na za kundi zikapakiwa usiku, wakati mtandao hauna watu.

Uamuzi wa tatu ulihusu bei. Watoa huduma wengi wa wingu huuza mashine za ziada kwa bei ya chini sana kwa sharti kwamba wanaweza kuzitwaa wakati wowote, wengine kwa notisi ya dakika 2, wengine kwa sekunde 30. Kundi liliamua kwamba hatua za sampuli moja moja, yaani kupanga vipande vya DNA kwenye jenomu ya rejea (ile ya kulinganishia) kwa programu ya BWA na kutafuta mabadiliko kwa HaplotypeCaller ya mkusanyo wa programu uitwao GATK, zifanyike kwenye mashine hizo za nafuu, kwa sababu sampuli ikikatizwa hurudiwa yenyewe peke yake na hasara ni ndogo. Hatua ya mwisho, inayounganisha sampuli zote, ingefanyika kwenye mashine za bei kamili.

Ukubwa wa kazi ulizua ubishi mrefu. Mazoea yaliyotokana na jenomu ya binadamu ni kukata kila sampuli kwa kromosomu na kuzitawanya kwenye mashine nyingi. Jaribio la awali, lililofanywa kwa mkupuo mdogo wa sampuli, lilionyesha kwamba kwa kimelea njia hiyo inapoteza muda: kuwasha mashine, kuleta kontena la programu (kifurushi chenye programu na vyote inavyohitaji) na kupakua jenomu ya rejea kulichukua muda unaokaribia uchakataji wenyewe wa kromosomu moja. Kukaamuliwa sampuli moja iwe kazi moja. Jaribio hilo hilo lilifichua pia kwamba vichakataji vilikuwa vikikaa bure kwa sehemu kubwa ya hatua ya kupanga faili, vikisubiri diski iliyounganishwa kupitia mtandao. Aina ya mashine ikabadilishwa, ikachukuliwa yenye diski yake ya ndani, na muda wa kila sampuli ukapungua waziwazi ingawa vichakataji vilikuwa vile vile.

Mfuatano wa matukio

Kazi kubwa ilipoanzishwa, ilikwama siku ile ile. Akaunti mpya huwekewa kikomo cha vichakataji, na maombi ya kuongezewa hupitiwa na watu. Kundi lilikuwa limeomba, lakini kwa aina ya mashine iliyotumika mwanzoni mwa jaribio. Kikomo cha aina mpya kilikuwa bado kidogo. Zikapita siku za kusubiri.

Kikomo kilipoongezwa, mamia ya mashine yaliwaka karibu kwa pamoja na kila moja ikaenda kuchukua kontena lile lile la programu kutoka ghala la umma kwenye intaneti. Mashine zote zilitoka nje kupitia lango moja la mtandao, hivyo kwa ghala lile zilionekana kama mtumiaji mmoja mwenye anwani moja, na ghala lilikuwa na kikomo cha vipakuo 100 kwa saa 6 kwa mtumiaji asiyejitambulisha. Zilizotangulia zilifanikiwa. Zilizobaki zilishindwa, na Nextflow, programu inayoratibu kazi zote, iliyokuwa imeagizwa kurudia kila kazi iliyoshindwa bila ukomo, ikazirudia usiku kucha. Asubuhi mashine nyingi zilikuwa zimewaka saa nyingi, zimelipiwa saa zote hizo, na hazijagusa sampuli hata moja. Ufumbuzi ulikuwa rahisi: kontena likanakiliwa kwenye ghala la ndani la mtoa huduma, na marudio yakawekewa ukomo wa mara chache.

Kuanzia hapo sampuli zilichakatwa kwa kasi ya kuridhisha, mashine za nafuu zikitwaliwa na kurudishwa bila madhara makubwa. Kila kazi iliandika matokeo yake kwenye hifadhi pale tu ilipokamilika, kwa jina lisilobadilika, hivyo kazi iliyokatizwa haikuacha faili nusu iliyoweza kudhaniwa kuwa nzima. Huu ni ufundi mdogo usiosifiwa, lakini pasipokuwa nao mkusanyo wote ungekuwa na shaka.

Tatizo lililofuata lilionekana kwenye ankara. Kundi lilikuwa limepanga bajeti kwa saa za vichakataji, na tahadhari ya barua pepe iliwekwa itume ujumbe matumizi yakifikia kiasi fulani. Ujumbe ulipofika, kiasi kile kilikuwa kimeshapitwa, kwa sababu taarifa za gharama hukusanywa kwa kuchelewa saa kadhaa, na tahadhari hutoa habari tu, haizimi mashine. Mchanganuo ulionyesha kwamba kipengele kilichopanda haraka hakikuwa vichakataji, bali lile lango la mtandao. Faili zote zilizosomwa na kuandikwa kwenye hifadhi, terabaiti juu ya terabaiti, zilikuwa zikipita langoni humo kana kwamba zinakwenda intaneti, ingawa hifadhi na mashine vilikuwa katika kituo kimoja, na lango hutoza kwa kila gigabaiti. Njia ya ndani, inayounganisha mashine na hifadhi pasipo kupita langoni, ilikuwepo na haikuwa na malipo. Ilikuwa inahitaji kuwashwa tu. Kazi ilisimamishwa, njia ikawashwa, kazi ikaendelea kutoka ilipoishia.

Hatua ya kuunganisha

Hatua hii inastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu hapa ndipo kundi lilipokaribia kushindwa kabisa. Sampuli zote zilipokuwa na faili zake za mabadiliko, ilibaki kuziingiza kwenye hazina moja kwa programu ya GenomicsDBImport, iliyo sehemu ya GATK, kisha kusoma hazina hiyo na kuamua, kwa kila mahali katika jenomu, kila sampuli ina herufi gani. Kazi iligawanywa kwa vipande vya kromosomu ili viende sambamba.

Vipande vikaanza kufa. Mfumo wa uendeshaji uliua programu kwa kukosa kumbukumbu, saa nyingi baada ya kuanza, na rekodi za programu yenyewe hazikuwa na kosa lolote, kwa sababu programu inayouawa namna hiyo haipati nafasi ya kuandika. Hatua ya kwanza ya kundi ilikuwa ile inayotarajiwa: kuchukua mashine yenye kumbukumbu kubwa zaidi, na Java, mazingira ambamo GATK huendeshwa, ikapewa karibu kumbukumbu yote ya mashine hiyo mpya. Vipande vikafa tena. Ikachukuliwa mashine kubwa zaidi ya hiyo, nayo matokeo yakawa yale yale, kwa bei ya juu.

Aliyetatua jambo hili alikuwa mtakwimu kijana wa kundi, ambaye badala ya kuangalia ukubwa wa mashine aliangalia nani anatumia kumbukumbu. GATK imeandikwa kwa Java, lakini hazina ya GenomicsDB inaendeshwa na maktaba iliyoandikwa kwa lugha nyingine, C++, na maktaba hiyo huchukua kumbukumbu yake nje ya fungu la Java. Kadiri Java ilivyopewa zaidi, ndivyo maktaba ilivyobakiwa na kidogo. Dawa ilikuwa kinyume cha kilichokuwa kikifanywa: kupunguza fungu la Java hadi karibu nusu ya kumbukumbu ya mashine, na kuingiza sampuli kwa mafungu ya 50 badala ya kuzifungua zote kwa mara moja. Vipande vilivyokufa mara tatu kwenye mashine ghali vilikamilika kwenye mashine ya ukubwa wa awali.

Vikabaki vipande vichache ambavyo havikufa ila havikuisha. Vyote vilikuwa kwenye ncha za kromosomu. Huko ndiko ziliko nyingi za jeni za var, takriban 60 katika kila kimelea, ambazo hubadilika mno kati ya kimelea na kimelea kwa kuwa protini zinazotokana nazo ndizo kinga ya mwili inazoziona. Vipande vifupi vya DNA kutoka sehemu hizo havina mahali pa uhakika kwenye jenomu ya rejea, hivyo programu huhangaika na matokeo yake hayaaminiki hata ikimaliza. Wataalamu wa malaria katika kundi walilijua hili tangu mwanzo, na katika uchambuzi wa mwisho wangeziondoa sehemu hizo. Hakuna aliyekuwa amefikiri kuziondoa kabla ya kuchakata. Kazi ikawekewa mpaka wa jenomu ya kati, yaani bila sehemu hizo zinazobadilika mno, takriban besi milioni 21, na ikaisha.

Matokeo

Orodha ya mabadiliko ilikamilika kabla ya kikao, na wanasayansi walipata siku za kutosha za kuichambua. Kwa uhakiki, sampuli chache za kundi zilichakatwa upya kwenye seva ya taasisi kwa kontena lile lile, na matokeo yakalingana na yale ya wingu. Kilichorudishwa nyumbani kilikuwa orodha ya mwisho na takwimu za ubora tu. Faili kubwa za katikati hazikupakuliwa, kwa kuwa kuingiza data kwenye wingu huwa bure ila kuitoa hulipiwa kwa kila gigabaiti, na mtandao wa taasisi usingeweza kuzibeba kwa muda unaofaa.

Ankara ilizidi bajeti. Gharama ya vichakataji vilivyofanya kazi ya kweli ilikuwa karibu na makadirio. Ziada ilitokana na mambo manne: lango la mtandao, mashine zilizowaka bila kazi usiku wa makontena, mashine kubwa za hatua ya kuunganisha, na hifadhi. Hifadhi iliendelea kutoza hata baada ya kazi kuisha, kwani mbali na faili za katikati ambazo hazikuwa na tarehe ya kufutwa, kulikuwa na vipande vya faili ambavyo upakiaji wake ulikatika pale mashine zilipotwaliwa. Vipande hivyo havionekani katika orodha ya kawaida ya faili lakini hulipiwa, hadi iwekwe kanuni ya kuvifuta.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri ni kile kilichopimwa. Jaribio la awali lilibadilisha aina ya mashine, ukubwa wa kazi na aina ya diski, na kila badiliko lilijilipa mara nyingi. Upungufu wake ulikuwa kwamba lilipima sampuli moja moja na halikupima wingi. Kikomo cha vipakuo, ada ya lango na kikomo cha akaunti ni mambo yasiyojitokeza mashine zikiwa tano. Hujitokeza zikiwa mia tano. Jaribio la pili la kati, lenye mashine za kutosha kuusumbua mtandao lakini kwa saa moja tu, lingeonyesha yote matatu kwa gharama ndogo. Vivyo hivyo hatua ya kuunganisha ingeweza kujaribiwa mapema kwa kipande kimoja kigumu, ncha ya kromosomu, badala ya kipande chepesi cha katikati.

Bajeti ilikosewa katika msingi wake. Kundi lilihesabu vichakataji kwa sababu ndivyo seva ya nyumbani inavyofikiriwa: imenunuliwa, ina viini kadhaa, na data inaposafiri ndani yake haimgharimu mtu. Kwenye wingu kila mwendo wa data una bei au una kasi yake, na mara nyingi vyote viwili. Kama mtu angechora njia ya faili moja, kutoka hifadhi ya Hinxton hadi orodha ya mwisho mezani kwa mtafiti, na kuandika kwenye kila mshale ni gigabaiti ngapi zinapita na nani anatoza, lango lingeonekana kwenye karatasi kabla halijaonekana kwenye ankara. Nashauri mchoro huo ufanywe kabla ya hesabu ya vichakataji, hata kwa kazi ndogo.

Kuhusu tahadhari ya matumizi, kundi liliipa kazi isiyoiweza. Breki ya kweli katika mradi wa namna hii ni kikomo cha idadi ya mashine zinazoweza kuwaka kwa pamoja, ukomo wa marudio, na mtu aliyepewa zamu ya kutazama mchanganuo wa gharama kila siku kazi ikiendelea. Yote matatu yaliwekwa katikati ya mradi, baada ya hasara.

Mgawanyo wa watu nao ulichangia. Waliojua kwamba ncha za kromosomu hazina faida hawakuwa waliopanga vipande vya kazi, na waliopanga vipande hawakujua biolojia ya jeni za var. Siku za mashine zilizopotea hapo hazikuhitaji ujuzi mpya, zilihitaji mazungumzo ya nusu saa. Tatizo la kumbukumbu ya Java lilitatuliwa haraka mara tu mtu mmoja aliporuhusiwa kusimamisha kazi na kuchunguza, lakini kabla ya hapo shinikizo la ratiba lilifanya kila kosa lijibiwe kwa mashine kubwa zaidi, kwa kuwa hilo lilikuwa jambo lililowezekana kwa amri moja.

Liko swali ambalo kundi halikulimaliza: faili za katikati zihifadhiwe au zifutwe? Kuzihifadhi kwa miaka ni gharama ya kila mwezi. Kuzitengeneza upya ni gharama ya mara moja, mradi data ghafi ipo. Kwa sampuli za umma jibu lilikuwa jepesi, kwani data ghafi iko Hinxton na itaendelea kuwepo, na zikafutwa. Kwa sampuli za kundi lenyewe, nakala pekee ya data ghafi ilikuwa kwenye seva ile ile ya taasisi inayokatikiwa umeme. Kundi liliamua kuziweka data ghafi zilizosafishwa katika hifadhi baridi ya wingu, ambayo ni rahisi kwa mwezi ila hutoza wakati wa kuzirejesha, na kuanza utaratibu wa kuziwasilisha kwenye hifadhi ya umma ili nakala ya pili isitegemee ruzuku ya mradi mmoja.